Muvi ni ya nani? Kuigiza na kuprodyusi mwenyewe ukiwa Bagamoyo

Ukipita jioni maeneo ya TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni cha hapa Bagamoyo, utawakuta vijana wanaojua kazi kweli kweli, mtu anapiga ngoma, anacheza, anaigiza, analia machozi ukimwambia tu "haya anza", afu ukimuuliza mipango yako ikoje anakwambia nasubiri kupigiwa simu kutoka Dar. Chuo chenyewe kipo tangu 1981, enzi hizo kikiitwa Chuo cha Sanaa, na Dar haiko mbali, kilomita kama 70 tu, kwahiyo sio kwamba hatuna mafunzo wala sio kwamba tupo porini. Shida ni kwamba wengi wanadhani hii kazi imenyooka, unaanza eksitra, unapata sini mbili, unakuwa staa, unakuwa na hela. Haiko hivyo. Kuigiza na kumiliki muvi ni biashara mbili tofauti kabisa, na ukizichanganya utajulikana mpaka Kigoma huku unadaiwa kodi ya chumba Magomeni (Magomeni ya hapa Bagamoyo, sio ile ya Dar).

Muigizaji anauza siku zake. Umeenda lokesheni siku nne, umelipwa za siku nne, imeisha, hata muvi ikioneshwa miaka ishirini ijayo wewe zako ni zile za siku nne, tena kama ulilipwa maana kuna watu mpaka leo wanadai nauli. Mwenye muvi anauza kitu ambacho hakiishi, anakiuza leo kwa huyu, mwakani kwa yule, na bado ni chake. Ndo maana msimamo wangu ni kwamba muigizaji wa kujitegemea ambaye hana hata filamu fupi moja anayoimiliki mwenyewe bado ni kibarua, kibarua mzuri, mwenye kipaji, anayepigiwa makofi, ila kibarua. Sasa hapa katikati ndo kuna mkanganyiko mwingi, haki, vibali, hela za nani zinatangulia, ngoja tuufungue kidogo kidogo.

Tuanzie tulikotoka maana bila hiyo hutaelewa kwanini wakongwe wengi wana hasira. Enzi za CD na DVD prodyuza alikuwa anamaliza muvi anapanda gari anaenda Kariakoo na master (kopi mama ya muvi) mkononi, anakaa na msambazaji, anapewa hela ya mkupuo, anasaini, anarudi nyumbani anasherehekea. Wengi walidhani wameuza kopi. Walichosaini mara nyingi ni kuhamisha haki zote, za sasa na za baadae, za njia zilizopo na zitakazokuja, na hapo YouTube bado hamna aliyekuwa anaiwaza. Leo muvi hizo hizo zinapita kwenye chaneli za watu, zinaangaliwa mamilioni ya mara, na aliyeigiza anaziona kama wewe tu, kwa bando lake. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inailinda kazi ya filamu kwa miaka 50, kwahiyo ukisaini karatasi ya kuhamisha haki zote umeuza miaka 50 kwa mchana mmoja.

King Majuto, mtu wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, ni mfano ambao nchi nzima iliuona. Mtu alichekesha vizazi vitatu, sura yake ikatumika kwenye matangazo na filamu zisizohesabika, na alipokuwa anaumwa ndo watu wakaanza kuuliza mikataba yake ilikuwaje, mpaka waziri mwenye dhamana wakati ule, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kufuatilia haki na mikataba ya wasanii. Kwa upande mwingine Steven Kanumba, kabla hajafariki Aprili 2012, alishashtuka mapema, alikuwa anaigiza, anaongoza na kuprodyusi chini ya kampuni yenye jina lake. Sisemi kila kitu kilimnyookea, ila alielewa kwamba kuuza sura peke yake hakutoshi.

Turudi kwenye haki zenyewe. Haki ya muvi sio kitu kimoja, ni kama nyumba ya vyumba vingi pale Mji Mkongwe, kila chumba unaweza kumpangisha mtu wake. Kuna haki ya kuonesha kwenye TV ya bure, ya TV ya kulipia, ya intaneti, ya kumbi, ya kutafsiri kwa lugha nyingine, ya kutengeneza muendelezo, ya kuigeuza tamthilia. Kila moja unaweza kuikata tena kwa nchi na kwa muda. Kupangisha ndo leseni, mtu anatumia kwa masharti afu anatoka. Kuhamisha haki ni kuuza nyumba na kiwanja chake. Kwahiyo ukiletewa mkataba usikimbilie kwenye namba ya hela, tafuta kwanza sehemu inayosema ni leseni au ni kuhamisha, kwa muda gani, nchi zipi, njia zipi, na ni peke yao au na wengine ruksa. Neno "milele" au "duniani kote kwa njia zote zilizopo na zitakazogunduliwa" ukiliona, weka kalamu chini, uliza bei upya, maana bei ya kupanga na bei ya kununua hazilingani hata siku moja.

Na wewe unayeprodyusi huwezi kumpa mtu haki ambayo huna. Hili ndo linawaangusha chipukizi wengi na hawajui limewaangusha. Muvi imetengenezwa na watu, aliyeandika skripti ana haki yake, aliyetunga muziki ana yake, aliyeimba na studio iliyorekodi wana yao, waigizaji nao wana haki zao kama waonyeshaji. Kama hukuwasainisha, muvi yako ina matundu. Stesheni ikikwambia "tuletee makaratasi" ndo hayo wanayoyataka, kila aliyeweka mkono awe amesaini kwamba kazi yake imeingia kwenye muvi hii na wewe ndo msemaji. Ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida unatosha, majina kamili, namba ya NIDA, kazi aliyofanya, kiasi alicholipwa au atakacholipwa, sahihi, shahidi. Na uusainishe kabla ya kamera kuwaka. Baada ya muvi kutoka na watu kuanza kuipenda, kila mtu anakuwa na wakili.

Muziki niuseme peke yake maana ndo uchawi wa kila mtu. Umechukua singeli iliyovuma ukaiweka kwenye sini ya harusi, nzuri kweli, inanoga, ukipandisha YouTube ule mfumo wao wa kutambua nyimbo unaikamata, hela ya matangazo inaenda kwa mwenye wimbo au video inafungwa kabisa. Wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, unaweza kuruhusiwa na mtunzi ukakataliwa na mwenye rekodi. Na hapa Bagamoyo kweli unahangaika na singeli ya mtu? Mji umejaa wapiga ngoma, wapiga marimba, wapiga zeze, mchukue mmoja mkae studio siku moja atunge cha kwenu, asaini, umemaliza, tena muvi inakuwa na sauti ambayo haipo kwenye muvi nyingine yoyote.

Vibali navyo watu wanavikoroga. Mtu anakwambia "nimeshasajili muvi" ukimuuliza wapi hajui. Kuna Bodi ya Filamu, hii inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1976, hawa ndo wanatoa kibali cha kutengeneza, unapeleka skripti na maelezo kabla hujashuti, na ukimaliza unairudisha muvi wanaikagua wanaipa daraja la umri. Kuna COSOTA, hawa ni wa hakimiliki, unasajili kazi na unakuwa na ushahidi siku mtu akikuibia. Haki yako inaanzia pale kazi ilipotengenezwa, sio pale ulipopewa cheti, ila mahakamani au polisi ukifika bila cheti utaongea mpaka ukauke. Afu kuna BASATA kwa mambo ya sanaa kwa ujumla. Kibali cha Bodi hakikufanyi mmiliki, na cheti cha COSOTA hakikupi ruhusa ya kushuti. Maombi mengi siku hizi yanafanyika mtandaoni kwahiyo ile hadithi ya "mpaka niende Dar" imepungua nguvu. Na ukitaka kuonesha Zanzibar jua kule wana taratibu zao na ofisi yao ya hakimiliki, COSOZA, usifike na karatasi za bara ukadhani umemaliza.

Haya, upande wa kuigiza. Wanaotoka jukwaani wana shida moja inayotibika, wanaigiza kwa ajili ya mtu wa mstari wa nyuma. Sauti kubwa, mikono mikubwa, macho yanazunguka kama feni. Kamera ipo hatua mbili kutoka usoni kwako, inaona hata kope, ukifanya vile vile unaonekana unagomba. Hii dawa yake ni kujirekodi na simu, sini moja ya dakika mbili, uangalie bila sauti kwanza, kama hadithi inaeleweka kwa uso tu bila kuhangaika basi upo sawa, kama uso unapiga sarakasi punguza. Jirekodi mpaka uzoee kujiona maana wengi wanachukia kujiangalia na ndo maana hawabadiliki.

Kutokana na hizo rekodi na kazi ulizofanya kata klipu isiyozidi dakika mbili, mwanzoni kabisa uso wako ukiongea, sio droni inapita juu ya bahari na muziki wa huzuni sekunde arobaini. Anayetafuta muigizaji anaangalia sekunde chache tu anaamua. Weka sini mbili tofauti, moja ya utulivu moja ya moto, mwisho namba ya simu. Huku kwetu mawakala wa waigizaji ni wa kutafuta kwa tochi, kwahiyo wewe ndo wakala wako, na kazi ya wakala ni kuuliza maswali yanayotia aibu. Siku ngapi? Shilingi ngapi na inaingia lini, kabla au baada? Nauli na chakula ni juu ya nani? Tukizidisha saa tunalipana vipi? Jina langu linakaa kwenye posta au linaishia mwisho wakati watu wameshaondoka? Na hili wengi wanalisahau, sura yangu ikitumika kuuza sabuni kupitia hiyo muvi nalipwa tena au ndo imeliwa humo humo? Ukiuliza hivi kuna watu watasema una nongwa. Sawa. Wale wanaolipa huwa hawakasiriki.

Na kama anayetaka kukupa rol anataka na mwili wako, hiyo ina jina kisheria, rushwa ya ngono, ipo kwenye sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Sio "mambo ya sanaa".

Sasa kwanini muigizaji aprodyusi. Kwasababu hakuna atakayekuandikia rol yako. Wewe ni mfupi, una lafudhi ya pwani, hufanani na mastaa wa Dar, kila siku utapewa mlinzi au shangazi. Ukiandika mwenyewe unajiandikia unachokiweza. Ila usianze na muvi ya saa mbili yenye mastaa sita na ajali ya gari. Anza na filamu fupi ya dakika kumi au kumi na tano, watu watatu, sehemu mbili ambazo unazipata bure au kwa maneno mazuri. Bagamoyo ina utajiri wa sura, majengo ya mawe, milango ya nakshi, mikoko, mashua, boma la Wajerumani, barabara ya mchanga yenye minazi, sehemu nyingine inabidi wajenge seti wewe unatoka tu nje ya nyumba. Magofu ya Kaole na Caravan Serai ni sehemu za mambo ya kale, hapo unaomba ruhusa kwa wanaozisimamia na kulipa ada zao, usiende kujificha na kamera kama unaiba. Kwenye mitaa ya kawaida unaanza na mwenyekiti, na kule wanakouzia samaki unaanza na wazee wenyewe.

Hao wazee sasa! Ukifika na vyuma vyako wanakuwa tayari wanajua bajeti yako kuliko wewe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, mnapiga picha ya nini?"

"Mchezo tu babu, tunaomba tutumie hii ngalawa nusu saa."

"Mchezo. Na huo mchezo mnauza Ulaya?"

"Hapana babu, ndo tunaanza."

"Haya, mwenye ngalawa ametoka, ila akija mwambieni nyinyi ndo mnaanza, asiseme nimewaruhusu mimi."

Mwisho wa siku unatoa hela ya mafuta ya mashine na soda za watu, na unamsainisha mwenye ngalawa kikaratasi cha kuruhusu chombo chake kuonekana, hata kama atakucheka. Hiyo soda nayo iwe kwenye bajeti, usiseme "tutaona huko huko", huko huko ndo hela inakoishia.

Kuna jambo watu wa kutoka mjini huwa linawaumbua hapa, maji. Bahari yetu inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Umeanza sini ya wapenzi ufukweni Jumatatu saa nne asubuhi, maji yamekupwa, mchanga unaenda mbali huko, mashua zimelala ubavu. Jua limekuzidi, ukasema tutamalizia wiki ijayo siku kama hii saa kama hii, Jumatatu ukarudi saa nne, maji yamejaa, mashua zinaelea. Kwenye muvi dada anauliza swali bahari haipo, kaka anajibu bahari ipo miguuni. Ukitaka maji yafanane kwa saa ile ile subiri karibu wiki mbili, au shuti kesho yake ukisogeza saa mbele kidogo, ila hapo jua nalo litakuwa limesogea. Waulize wavuvi bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) ni lini na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) ni lini, wanajua bila kuangalia simu, afu upange ratiba ya shuti kwa kalenda yao. Bora kumaliza sini yote ya ufukweni kwa mkao mmoja hata kama mtakula saa tisa.

Upepo nao. Kusi ikianza kupiga, katikati ya mwaka, maiki ya kwenye kamera inarekodi upepo tu na maneno hamna. Watazamaji wanavumilia picha mbaya kuliko sauti mbaya, hili nimeliona kila mahali muvi zinapooneshwa, picha ikiwa na giza watu wanakaza macho, sauti ikikwaruza wanatoka. Kama una hela ya kukodi kitu kimoja tu kizuri, kodi maiki na mtu anayejua kuitumia, kamera hata simu janja nzuri inakusogeza. Nunua au shona manyoya ya kuvisha maiki, na kaa kimya dakika moja kila sehemu urekodi ukimya wa hapo, editor atakushukuru. Adhana na bodaboda huwezi kuzizuia, panga sini za maneno mengi mbali na hizo saa. Droni hiyo unayoiona kwa kila mtu ina vibali vyake pia, mamlaka ya usafiri wa anga wapo na wizara ya ulinzi wapo, kwahiyo kabla hujairusha juu ya mji uliza kwanza.

Twende kwenye hela, ambayo ndo inaua urafiki. Tuseme muvi imegharimu milioni 10. Milioni 4 kakupa mjomba mwenye duka la vifaa vya ujenzi, milioni 3 za kwako za kudunduliza, na milioni 3 ni za waigizaji na mafundi waliokubali kulipwa baadae. Ukauza leseni ya kwanza kwa milioni 6. Hapo kila mtu anaona milioni 6 na kila mtu anaona ni zake. Mjomba anataka nusu kwasababu "mimi ndo nimetoa hela", mkeo anajua ni za nyumbani, kameramani amesikia kwa watu kwamba umeukata.

Kinachookoa ni karatasi iliyoandikwa mapema inayosema nani anakula kwanza. Kwa mfano mkakubaliana gharama za kuuza zinatoka juu kabisa, trela, posta, ukaguzi, tuseme laki 5. Inabaki milioni 5 na nusu. Mjomba anarudishiwa milioni 4 zake. Inabaki moja na nusu, hiyo inaenda kwa waliokopesha jasho, kila mmoja anapata nusu ya anachodai. Wewe sifuri. Inauma ila imeandikwa. Leseni ya pili ikija kwa milioni 5, wale wa jasho wanamaliziwa moja na nusu, wewe unarudisha milioni 3 zako, inabaki laki 5 ambayo ndo faida ya kwanza halisi, mnagawana kama mlivyoandika, nusu kwa mjomba nusu kwa upande wa watengenezaji au vyovyote. Ona hapo, mauzo ya milioni 11 faida laki 5. Anayekwambia "nimeuza milioni sita" hajakwambia chochote mpaka akwambie zilipita kwa nani. Na kumbuka kwenye malipo rasmi kuna kodi ya zuio inakatwa kabla hela haijakufikia, kiwango kinategemea yameandikwa kama huduma au kama mrabaha (malipo ya kutumia haki yako), kwahiyo ukipiga hesabu tumia ile inayofika, na TIN uwe nayo kabla.

Wewe mwenyewe kama muigizaji mkuu jiandikie mshahara kwenye bajeti, hata kama hutauchukua leo, kaa kwenye foleni ya wale wa jasho kama wenzako. Usipojiandikia unaonekana ulikuwa bure, na muvi ya pili atakayekuja kuwekeza atataka uwe bure tena. Kama mpo wengi sajilini BRELA, wale wanaosajili biashara na kampuni. Jina la biashara ni wewe yule yule umevaa kofia, deni la biashara ni deni lako, kampuni kisheria ni mtu mwingine anayeweza kumiliki muvi na kudaiwa yeye. Kwa filamu fupi ya kwanza jina la biashara linatosha, ikianza kuingia hela ya watu wengine nenda kwenye kampuni.

Hela za kuanzia zipo wapi? Kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii, na kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, inatolewa kwa vikundi bila riba. Ila mkopo ni mkopo, na filamu inachelewa kurudisha, mi ningekopa kununua vifaa vya kukodisha kwenye maharusi na makongamano kuliko kukopa kushuti muvi. Kamera inayofanya harusi Jumamosi inaweza kushuti muvi Jumanne.

Kuuza sasa. Stesheni zenye njaa ya vitu vya Kiswahili zipo, Sinema Zetu ya Azam, Maisha Magic Bongo ya kwenye DStv, na siku hizi wanapenda zaidi tamthilia kuliko muvi moja kwasababu mtazamaji anarudi kesho. Kwa muigizaji tamthilia ni ajira kabisa, ila kwa prodyuza mara nyingi wanaolipa gharama zote ndo wanabaki na haki zote, hapo umerudi kuwa fundi mkuu. Sio vibaya, mradi ujue.

YouTube inamtamanisha kila mtu. Kuanza kula hela ya matangazo kwa njia ya video ndefu unahitaji subscribers 1000 na saa 4000 za kuangaliwa ndani ya miezi 12, ukishaingia asilimia 55 ya hela ya matangazo ya video ndefu ni yako, na hawakulipi mpaka ifike dola 100. Views za nyumbani zinalipa kidogo kuliko za ughaibuni, na za Marekani zinakatwa kodi ya huko asilimia 30 kwasababu sisi na wao hatuna mkataba wa kodi, na hizo fomu za kodi usipozijaza wanaweza kukata hata kwenye views za nchi nyingine. Kwahiyo muvi moja moja YouTube haikulipi, kinacholipa ni mfululizo, kila wiki kitu. Na ukishapandisha bure huwezi tena kumuuzia stesheni kama kitu kipya, wala matamasha mengi hayataipokea.

Ndo maana mpangilio wangu ni tamasha kwanza. ZIFF ya Zanzibar inafanyika tangu 1998, ni boti tu kutoka Dar, hata kama hujachaguliwa nenda uone watu wanavyoongea kazi. Tuzo za Filamu Tanzania zipo tangu 2021. Kwa nje, filamu ya Kiswahili sio mzigo tena, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ilioneshwa Toronto 2021, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Matamasha makubwa yana kigezo cha kuoneshwa mara ya kwanza, soma masharti kabla hujampa mtu hata kipande. Baada ya tamasha TV, baada ya TV intaneti, mwisho YouTube yako mwenyewe pale leseni zikiisha.

Leseni zikiisha! Hapo ndo utajua kama kweli muvi ni yako, maana miaka miwili imepita, stesheni imemaliza muda wake, mnunuzi mpya kakupigia anataka faili safi, sabtaito za Kiingereza, na sauti zilizotenganishwa, maneno peke yake, muziki na milio peke yake, ili aweze kutafsiri. Wewe unayo ile uliyotumiwa WhatsApp. Mengine yote yapo kwa editor ambaye mligombana kwa laki mbili, au yapo kwenye harddisk moja iliyokaa kabatini na chumvi ya hapa inakula vyuma mpaka bawaba za milango. Mlipe editor siku anayokabidhi, sio wiki ijayo, na akukabidhi projekti yenyewe, rashi zote (picha mbichi zote mlizoshuti), sauti zilizotenganishwa na faili la mwisho, kopi mbili, moja kaa nayo wewe na nyingine mpelekee ndugu Dar au Morogoro, na kila baada ya miezi michache ziwashe uangalie kama bado zinafunguka.